Hina ya Lavandaria

Siku mliyoniaga, mmoja wenu alinipa sahani ya pilau kwa mkono wa kushoto. Sitamtaja jina. Ni binti aliyelelewa vizuri, mama yake namfahamu, na mtoto wa pwani hii hufundishwa akiwa bado mdogo sana kwamba mkubwa hapewi kitu kwa kushoto. Alitabasamu, akasema, "Karibu, mama," na mkono wake wa kulia ukabaki ndani ya leso. Nikapokea, nikashukuru. Dona Celeste, msimamizi wetu, alikuwa karibu nasi akifungua soda, na mimi, mtu ambaye sina tena kazi ya kupoteza, niliogopa kama siku zote.

Mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kufua na kupiga pasi, ili wanaoingia sasa wajue walikoingia. Nimeyaandika. Lakini nisiwadanganye: naandika kwa sababu ya mkono ule. Naandika Kiswahili kwa kuwa Dona Celeste ni mtu wa Beira na Kiswahili chake kinaishia kwenye bei ya samaki; kazini tulisema naye Kireno. Binti wa Anastásia, mwenzangu wa kazi, ndiye atakayeyatuma maneno haya kwenye kundi letu la simu. Nimemuuliza zaidi ya mara moja kama Dona Celeste yumo kwenye kundi hilo. Hayumo.

Mimi ni Mwanaisha, mnaniita Mama Mwana. Nilianza kazi nikiwa msichana, katika nyumba ndogo ya wageni huko Mocímboa da Praia, jirani na bandari. Wageni wetu walikuwa wanunuzi wa samaki, makarani wa serikali, na mara mojamoja mzungu aliyepotea njia. Siku yangu ya kwanza niliunguza kola ya shati la karani mmoja. Alama ya pasi ilikaa pale nyeusi, na mimi nikakaa chini nikalia, maana nilijua kazi imeisha kabla sijaijua. Bi Sauda, mfuaji mkuu wa nyumba ile (tulikuwa wawili tu, lakini mkuu alikuwa yeye), aliliangalia lile shati, akaigeuza kola yake nje ndani, akaishona upya kwa mkono, akanirudishia. Karani alilivaa mpaka likachakaa na hakugundua kitu.

Bi Sauda ndiye aliyenifundisha pasi ya makaa. Vifuu vya nazi vina moto mkali, alisema, lakini hurusha cheche, basi chini weka makaa ya mti na vifuu viwe vichache juu. Kabla ya kugusa kitambaa, telezesha pasi juu ya jani la mgomba mpaka itembee bila kukwama. Na kupima joto usiweke kiganja, sogeza mgongo wa mkono. "Mgongo ukiungua utauvika nguo," aliniambia. "Kiganja kikiungua, utashika nini ule?" Mpaka leo nikiingia jikoni kwa mtu huwa napima sufuria kwa mgongo wa mkono, na watoto wanacheka.

Moshi wa makaa ulimwingia Bi Sauda kifuani. Alikohoa mwaka mzima, akikohoa anageukia ukutani, akimaliza anaimba kidogo ili tajiri asikie wimbo asisikie kikohozi. Tajiri alisikia vyote viwili. Siku moja akamwita, akamwambia kwa upole kabisa, "Sauda, pumzika." Hakumfukuza. Hakumtukana. Alisema apumzike, na yule mama akapumzika wiki, akapumzika mwezi, na hakuna aliyemwita tena. Asubuhi alikuwa akioga, akivaa nguo za kazi, akija kukaa kwenye ngazi ya nje, nami nikipita juu yake na kapu langu kwenda ndani kufanya kazi yake na yangu. Hakuwa na akiba, hakuwa na mtoto wa kumtunza, na ile segurança social, pensheni ya serikali, ambayo watu wa ofisini huisema kama jina la shangazi yao tajiri, yeye hakuwahi kukutana nayo. Alikufa kwenye chumba cha kuazima. Tangu hapo sijaogopa neno lolote kama pumzika. Wengine huogopa kufukuzwa. Mimi, bosi akinisemea kwa upole, jasho jembamba linanitoka.

Kisha vita vikaja Mocímboa, nanyi wengi mnavijua kuliko ninavyoweza kuvieleza. Tulikimbia kwa miguu na kwa mashua. Watu walibeba watoto na magodoro, mimi nilibeba pasi. Nilichekwa njia nzima, lakini tulipofika Palma ni pasi ile iliyonilisha, nikipitia nyumba moja hadi nyingine kuuliza nani ana nguo. Nako Palma tukakimbia tena. Tuliporudi, kazi zilikuwa njia ya kwenda Afungi, kwenye zile kambi za wafanyakazi wa gesi, nje ya uzio, na mimi nikaingia lavandaria yetu, pale panapofuliwa nguo za kambi. Kampuni yetu ilipewa kazi na kampuni iliyopewa kazi na kampuni nyingine, kwa hiyo tulipouliza jambo, jibu lilikuwa na safari ndefu na mara nyingi lilichoka njiani.

Siku ya kwanza pale nilisimama mbele ya prensa nikaiogopa. Mnaijua: sahani mbili za chuma, ya chini imevikwa kitambaa, ya juu inashuka ukikanyaga, na mvuke unapiga usoni. Pasi yangu ya makaa ilikuwa ikiningoja nimalize. Hii haimngoji mtu. Nilijifundisha kuhesabu pumzi: vuta, tandaza, toa mikono, kanyaga. Kila mgeni niliyemfundisha nilimwambia hivyo hivyo, mikono itoke kwanza, mguu ufuate. Jioni, ukiwa umechoka na mashuka bado yamejaa kwenye makapu, mguu unasahau.

Mkataba wetu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, bado ni hivyo. Mshahara uliisha kabla mwezi haujaisha, na hilo halikumshangaza yeyote. Kilichotunyima usingizi ni kuugua. Ukilala siku mbili na malaria, siku ya tatu unamkuta mwenzio kwenye mashine yako. Hakuna ubaya wake, naye ana watoto. Mnawaona wale wanawake wanaokaa nje ya geti kila asubuhi, wamejifunga leso safi, wanatuangalia tunavyotembea. Tukiingia, tulikuwa tunanyoosha mgongo. Mwenye mimba alijibana. Mwenye kikohozi alikwenda kukohoa kwenye mvuke. Nami macho yalipoanza kufifia nilijifunza kuyajua madoa kwa vidole, na nikijigonga kwenye kapu nilisema nilikuwa nafikiri mambo mengine. Niliishi na hofu ile kama mtu anavyoishi na jirani mkorofi, tukisalimiana kila siku.

Sasa niwaambie habari ya Tima, maana wengi wenu mnaisikia nusunusu.

Tima alitoka Nhica do Rovuma, mjane, na watoto na mama mzee nyuma yake, wote wakimtazama yeye. Alikuwa na mikono myepesi kuliko sote. Jioni moja, wiki ile ya mwisho wa mkataba, alivuta kola iliyojikunja, mguu ukakanyaga, na sahani ya juu ikashukia mgongo wa mkono wake wa kulia. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Niligeuka kwa sababu ya ule ukimya, nikamwona ameuma mtandio, macho yamemtoka, na mguu tayari umeshaachia. Nikamkimbilia.

"Usiseme, mama," akaniambia. "Nakuomba kwa Mungu, usiseme."

"Nkono umeungua, Tima."

"Naona. Jumatatu wanaangalia mikono. Wakiniona wataniambia nipumzike."

Wageni mnajua ukaguzi wa Jumatatu: tunasimama mstari, tunanyoosha mikono, Dona Celeste anapita kuhakikisha hakuna mwenye kidonda anayegusa mashuka. Na Jumatatu ile ilikuwa ndiyo ya mikataba pia. Malengelenge yalikuwa yameshaanza kutuna. Kufikia Jumatatu yasingefichika hata kwa leso.

Aliyesema hina ni Tima mwenyewe. Bibi zetu walipaka hina kwenye ngozi iliyoungua, ipoe, basi hatukuona ajabu. Lakini hina peke yake ni nyekundu, kidonda kingeonekana chini yake. Ilitakiwa piko, ile poda nyeusi ya kutia nywele rangi, inayofanya maua yakolee tii. Na mtu mmoja akitokea na hina kazini ataulizwa. Tukitokea wote, ni arusi. Jumapili tukakaa kwa mwanamke mmoja wa Palma anayepamba maharusi, tumenyoosha mikono kama mabibi arusi, wengine wajukuu wanatungoja nyumbani. Anastásia naye alikuja, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mama wa kwaya, hajapaka hina tangu azaliwe. Alikaa akaangalia maua yanavyopanda kwenye mikono yake minene na kusema, "Padri akiniuliza, nitasema nimesilimu nkono tu." Tulicheka. Nakumbuka tulicheka sana.

Mpambaji alipofika kwa Tima akasita. "Hapa sipaki," alisema.

"Paka," Tima akamwambia.

Akapaka. Tima alinishika goti kwa mkono wa kushoto, na alama za kucha zake zilikaa kwangu siku kadhaa.

Jumatatu Dona Celeste aliufungua mlango, akauona mstari mzima umenyoosha mikono myeusi kwa maua, akapiga makofi. Ni mwanamke mwenye furaha za ghafla, na siku zile sikujua kama hilo ni heri au balaa.

"Ehé! Casamento!" akasema. "Arusi ya nani?"

"Ya mdogo wake Tima, Dona," Anastásia akajibu. "Kule Nhica."

"Na wewe, Anastásia? Wewe wa missa?"

"Nimealikwa, Dona. Siwezi kwenda mikono mitupu."

Akaanza kupita. Alikuwa anatazama maua, hatazami ngozi. Mimi nilikuwa wa mwisho na Tima mbele yangu, na niliona kila kitu. Alipofika kwake akasimama, akasema kuwa haya ya dada wa bibi arusi ndiyo mazuri kuliko yote. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Akaugeuza. Akaubonyeza kidogo, kwa mapenzi, kama mtu anavyobonyeza mkono wa shoga yake. Tima akatabasamu. Nyuma ya shingo yake jasho lilitiririka likaingia ndani ya gauni, na mimi nikaanza kusoma kimoyomoyo kila dua niliyoijua na nusu ya nisizozijua.

"Lindo," Dona Celeste akasema, mzuri huo, na akauachia.

Mkataba wa Tima ukapita. Jioni Dona Celeste akatuletea zawadi ya bibi arusi, kapulana mpya ya kujifunga, yenye mandhari ya samawati, imefungwa kwa karatasi. Hatukujua tuipeleke wapi. Bibi arusi hakuwepo, na kuirudisha hakuwezekani. Tukampa Tima.

Hina haimdhuru mtu. Inayodhuru ni piko. Sisi tuliokuwa na ngozi nzima tuliwashwa tu. Ile ya Tima, iliyofunuka, iliinywa. Siku chache baadaye alianza kufanya kazi na mkono umefungwa ndani ya glovu, akisema sabuni inamkereketa. Kisha akawa hali chakula. Halafu asubuhi moja Anastásia alikuja akanivuta nyuma ya makapu.

"Mama Mwana, ule nkono unanuka."

"Najua."

"Ana homa. Nimemshika shingo. Anachemka."

Tulimwendea. Tulimwambia twende sipitali sasa hivi. Alikataa. Alituambia, akiwa amesimama mbele ya prensa, meno yakigongana kwa baridi kwenye chumba ambacho sisi wengine tulikuwa tunatoka majasho, kwamba kituo cha afya ni foleni ya siku nzima, na dawa huenda isiwepo, na kesho yake mtu mwingine atakuwa amesimama hapa. "Mama yangu anakula kwa nkono huu," alisema. Hakuwa anagomba. Alikuwa anatueleza, kama mtu anayewaelekeza wageni njia.

Nikamwacha na Anastásia, nikaenda ofisini kwa Dona Celeste. Ni hatua chache tu. Nilijua nikifungua mdomo, Tima amekwisha kazi. Nilijua pia kwamba sote tulimdanganya yule mama tukiwa tumesimama mstari. Nilimwona Bi Sauda kwenye ngazi, na nikajiona mimi. Nikagonga.

Nilimwambia yote. Dona Celeste hakupiga kelele. Alikaa juu ya kapu la mashuka machafu, akafunika mdomo, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Niliubonyeza." Baadaye ndipo hofu ikamjia, nikaiona ikipanda usoni mwake, na nikaitambua maana ilikuwa yetu hii hii: yeye naye alikuwa na bosi, naye alikuwa na mkataba. Aliniuliza nani mwingine anajua. Lakini alikuwa anauliza huku ameshika funguo za gari la nguo, na ni gari hilo lililompeleka Tima hospitali, amelala juu ya magunia ya taulo.

Walimkata nyama iliyooza. Mkono ulibaki, vidole vikajikunja. Kesho yake, kwenye prensa ya Tima, kulikuwa na mwanamke mwingine, mpole, mwenye adabu, leso safi. Aliniuliza kola zinaanzia upande gani. Nilimwonyesha. Nikamwambia mikono itoke kwanza, mguu ufuate, na sauti yangu ikakatika katikati, akafikiri nina mafua.

Jumatatu iliyofuata hina ilipigwa marufuku kazini, na marufuku hiyo mnaijua. Prensa haikupigwa marufuku, wala mikataba ya miezi mitatu. Hakuna aliyeweka siku za kuugua zenye malipo. Nilifanya kazi miaka mingine pale, na macho yangu yalipokataa kabisa, mkataba ukaisha usirudi. Ndiko kustaafu kwangu. Mlinipa keki, pilau, na pasi ya umeme ambayo naishukuru sana, ingawa nyumbani kwangu umeme haujafika.

Tima sasa anakaanga mihogo mbele ya mlango wangu. Kapulana ya samawati ndiyo anayojifunga. Vidole vyake vya kulia havifunguki, kwa hiyo anakula kwa kushoto, na kwa kuwa anakula kwa kushoto hali mbele za watu. Msibani, kwenye maulidi, anangoja wenzake wamalize, kisha anachukua chake na kwenda nyuma ya nyumba, akiuelekea ukuta. Tangu atoke hospitali sijamwona akitia tonge mdomoni, na tunakaa ua mmoja.

Juzi nilimsimulia habari ya ile sahani. Alikuwa anageuza mihogo. Hakuinua uso.

"Kauficha kwenye leso?"

"Ndiyo."

"Unanuka?"

Nikamwambia sikuweza kujua, pilau ilikuwa na viungo vingi. Akaacha kugeuza. Mihogo iliungua upande mmoja, na Tima si mtu wa kuunguza.

"Nwambie aje," alisema hatimaye. "Aje Ijumaa, watu wakitoka kuswali. Mie ntakula mbele yake."

Basi, mwanangu, wewe unayejijua. Usipake kitu juu ya kidonda, si hina, si dawa ya meno, si mafuta. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kitambaa safi. Kikianza kunuka, au ukisikia baridi wakati wenzako wana joto, usingoje Ijumaa, njoo saa yoyote nami nitakushika mkono mpaka hospitali. Kwa Dona Celeste nitakwenda mimi, nimeshawahi kugonga mlango ule. Siwezi kukuahidi kwamba mashine yako itakungoja. Sijui, na nikikuahidi nitakuwa muongo. Naogopa kwa ajili yako tangu siku ile, nalala nikiona leso.

Ijumaa nitapika wali na pweza wa nazi. Nitaweka sinia moja kwa watu watatu, na mimi peke yangu ndiye nitakayekula kwa mkono wa kulia.